Mahindi Yasiyouzwa

Wapo watu wawili ambao nikikutana nao mbinguni nitaomba nihamishiwe mahali pengine. Mmoja alinunua mahindi ya mama yangu. Mwingine aliyaeleza. Wa kwanza nimeshamzoea, maana wafanyabiashara wa aina yake wako kila mahali na hawajidai kuwa rafiki wa mtu. Huyu wa pili ndiye anayenipandisha damu mpaka leo, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli, na ukweli wake haukumsaidia mtu kubeba hata ndoo ya maji.

Alikuwa mhadhiri wetu wa elimu ya jamii mjini Mbarara. Nilisoma huko kwa fedha za wafadhili wa kanisa, baada ya utoto na ujana wangu wote kupita katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tulifika hapo kutoka Kivu ya Kusini, ng'ambo ya mpaka, nikiwa bado nabebwa mgongoni kwenye sehemu mbaya za njia. Chuoni nilikuwa na suruali mbili na Kiingereza cha kuazima. Somo lake lilikuwa juu ya uhalifu, na siku ya kwanza aliingia darasani, akaegemea meza, akatuuliza: kama mtu mwenye njaa akiiba mkate ni mwizi, je, yule aliyeuza ngano yote ya kijiji mpaka mkate ukakosekana anaitwaje? Akajibu mwenyewe: anaitwa mwekezaji.

Nilimpenda siku hiyo. Nasema wazi, nilimpenda. Alitufundisha kwamba sheria hazikushuka na mvua. Zimeandikwa na wenye mali ili kulinda mali. Alitufundisha kwamba mfumo wa kibepari unamwonyesha kila mtu vitu vizuri dukani, halafu unawapa wachache tu njia halali ya kuvipata, na wanaobaki ukiwakamata katika njia nyingine unawaita wahalifu. Makosa ya maskini, alisema, hufanyika barabarani ambako askari anapita. Makosa ya tajiri hufanyika ofisini, na askari ndiye mlinzi wa mlango. Na magereza, alisema huku akitembea kati ya madawati, ni ghala la mikono ambayo soko halijaipatia kazi. Nilikuwa naandika mpaka kidole kinauma. Nilidhani hatimaye nimepata mtu anayeijua Nakivale bila kufika Nakivale.

Sasa nieleze mahindi, maana bila mahindi huwezi kuielewa hasira yangu.

Chakula cha msaada miaka ile kilikuja kikiwa punje. Mahindi makavu, magumu, yaliyosafiri baharini na barabarani. Yalikuja katika magunia meupe yenye maandishi ya Kiingereza kwamba haya si ya kuuzwa. Sisi magunia yale tuliyafanya mapazia, mikeka, mifuko ya shule. Mlango wetu wenyewe ulikuwa umefunikwa na tangazo hilo. Lakini punje haziliwi hivihivi. Kuzichemsha hadi zilainike kunataka moto wa mchana kutwa, na kuni zilikuwa katika mashamba ya wenyeji, na kukata kuni za wenyeji ni kosa. Kuzisaga kunataka mashine, na mwenye mashine anataka shilingi, kwa sababu dizeli hainunuliwi kwa punje. Mkimbizi naye shilingi ataitoa wapi? Basi kila nyumba iliuza sehemu ya mahindi ili isage sehemu iliyobaki. Kuuza nako ni kosa. Ukitaka kula, ilibidi kwanza uchague kosa lako.

Waliopanga mambo hayo walikuwa na akili timamu na magari mazuri. Nimewaona. Walikuja kutuuliza kama tunaridhika na chakula.

Siku ya kugawiwa, vijana wa mfanyabiashara mmoja wa Kaberebere, mji mdogo wa jirani, walikuwa wamesimama na mizani yao karibu sana na foleni, wananunua kwa bei ya dhihaka. Askari aliyelinda foleni aliwaona. Sote tuliwaona. Mahindi yalitoka katika makazi juu ya lori, mchana kweupe, yakaingia ghalani kwake Kaberebere, na huko yakamwagwa kutoka magunia yenye maandishi hadi magunia matupu yasiyo na neno. Wanawake wa kanisa letu waliita kazi hiyo ubatizo. Mahindi yakishabatizwa yalikuwa hayana dhambi tena. Yalipanda gari na kwenda kuuzwa kwenye mashule na hoteli za Mbarara. Sina shaka kwamba posho, yaani ugali wa huko, niliyokula chuoni ilianzia kwenye foleni ya mama yangu.

Mama alikuwa mwanamke wa maombi, shemasi katika kanisa letu la Kiprotestanti, mtu mpole hata akikosewa. Yeye na wenzake wa kikundi cha wanawake walichoshwa na bei ya wale vijana. Wakakubaliana jambo ambalo kwetu Kivu hufanywa na kila kikundi cha wanawake wenye akili: badala ya kila mmoja kuuza kikombe chake pale foleni kwa bei ya kuchekwa, wataweka pamoja, na mmoja wao kwa zamu ataipeleka mizigo yote hadi Kaberebere, moja kwa moja kwa tajiri mwenyewe. Anayetumwa hubeba vya wote na kurudisha vya wote. Hakuna kuandikiana. Mtu anayemwandikia dada yake wa kanisa anakuwa ameshamtukana.

Zamu kadhaa zilipita salama. Tajiri alipokea mahindi, akalipa, akayabatiza. Kisha ikaja zamu ya mama.

Walimkamata kabla hajaingia mjini, yeye na magunia yote ya kikundi juu ya gari dogo la mizigo. Nani aliwaambia askari, sijui. Nadhani ni wale vijana wa mizani, ambao kikundi cha mama kilikuwa kinawakosesha ulaji. Ushahidi sina, nina chuki tu, na chuki yangu haijawahi kukosea njia kwa mambo ya Kaberebere. Dereva wa gari alinisimulia baadaye. Askari alipiga teke gunia, akasema, akimwita bibi kwa lugha ya huko:

"Nyabo, hii chakula yote ni ya nani? Wewe moja nakula hii yote?"

Mama akajibu, "Baba, unisamehe."

"Mimi siulizi samahani. Mimi nauliza ni ya nani. Iko watu ingine?"

Mama hakutaja mtu. Angetaja, wenzake wote wangelala ndani pamoja naye na watoto wao wangelala na njaa. Alisema tena, "Unisamehe, baba." Kwa hiyo magunia ya nyumba nyingi yakawa ya mwanamke mmoja, na mwanamke mmoja mwenye magunia mengi namna ile si mama anayetafuta unga. Ni mlanguzi wa mali ya msaada. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba.

Habari ilinifikia chuoni kwa simu ya mchungaji wetu. Alisema mama yuko mahabusu, kesi itasikilizwa wiki ile, na kwamba anaweza kutolewa kwa dhamana akipatikana mtu wa kumdhamini: raia, mwenye shamba lake au kazi inayojulikana. Nikakaa kitandani nikafikiri watu wote tunaowajua. Mchungaji ni mkimbizi. Wazee wa kanisa ni wakimbizi. Jirani zetu wa kushoto na kulia wanalima ardhi waliyoonyeshwa kwa kidole na ambayo wanaweza kunyang'anywa kwa kidole. Katika ukoo wetu mzima, na marafiki, na marafiki wa marafiki, hapakuwa na mtu mmoja ambaye hakimu angeweza kumwambia, akitoroka tutakuja kwako. Mhadhiri alikuwa ametufundisha hilo pia: kwamba mahabusu hamjai watu wenye hatia, hujaa watu wasio na mdhamini.

Basi nikaenda kwake.

Alikaa mtaa wa Ruharo, katika nyumba yenye bustani na kiti cha kamba barazani. Alinipokea vizuri. Lazima niseme hivyo, na ndiyo sababu ninamchukia zaidi. Angenifukuza getini ningekuwa nimeshamsahau. Aliagiza chai. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akitikisa kichwa pale panapouma, na nilipomaliza akavua miwani yake na kusema kwa Kiingereza kile kizuri cha darasani kwamba huu ni mfano safi, safi kuliko wowote aliouona vitabuni. Mfumo umezalisha hitaji, umeharamisha njia ya kulitimiza, kisha umemwadhibu muuzaji na kumwacha mnunuzi. Akaomba niirudie ile sehemu ya mashine ya kusaga.

Nikairudia. Kisha nikamwomba aje mahakamani. Siyo kubishana na mtu. Asimame tu, aseme jina lake na kazi yake, na aandike sahihi kwamba mama hatatoroka. Nilimwambia mama hana pa kutorokea. Alishatoroka mara moja maishani na njia ile ilimtosha.

Akavaa tena miwani yake. Akasema mtafiti akishika upande anapoteza macho yake. Akasema akimdhamini mmoja, kesho watakuja kumi, na tatizo si la mtu mmoja, ni la mfumo, na mfumo hauponywi kwa dhamana. Akasema ana huruma sana. Akasema niandike kila kitu kingali kibichi kichwani, kwa sababu mimi niko mahali ambapo watafiti wengi wangetamani kuwa.

Ningetaka kusema kwamba nilimwagia ile chai. Niliinywa yote. Ilikuwa na sukari nyingi na nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nilitoka hapo nikijua kitu ambacho hakimo katika mtaala: mtu anaweza kuuona mtego wote, waya kwa waya, akakuchorea na picha yake ubaoni, na bado akaona ni utovu wa adabu kukunyooshea mkono.

Siku ya kesi nilikuwepo. Chumba kidogo, mabenchi, watu wengi wa makosa madogo madogo: kuni, pombe ya kienyeji, ng'ombe aliyeingia shambani, mtu aliyekutwa barabarani bila karatasi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na viatu vya ngozi isipokuwa waliokuwa upande wa meza. Hakimu alikuwa na haraka. Mkalimani alikuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, cha kuamrisha.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu, kwa sababu hapa ndipo mama alipoangukia. Katika makanisa yetu, huko milimani na hata Nakivale, mtu akishtakiwa mbele ya wazee haanzi kwa kujitetea. Anayeanza kwa kusema sikufanya, huyo shingo yake ni ngumu, na maneno yake yote yanayofuata yanasikika kama uongo. Mtu mwenye heshima hupiga magoti kwanza, awe amekosa au hakukosa, na husema munisamehe. Maana yake ni kwamba ninyi ni wazee na mimi ni mtoto wenu, na amani ni kubwa kuliko mimi. Ndipo mzee mkubwa humwambia simama. Akishasimama, mzee humwambia sasa eleza. Na hapo ndipo mtu hueleza, hata kwa saa nzima, na watu husikiliza kwa sababu ameanza vizuri. Nimeona watu wakishinda kesi nzito kwa namna hiyo. Nimeona washitaki wakiishia kupiga magoti wao.

Mkalimani akamwambia mama, "Wewe naweka mahindi ya msaada kwa gari, naenda kuuza. Nakubali ao nakataa?"

Mama akapiga magoti. Pale pale, juu ya saruji, na kitambaa chake cha kichwa kimekaa sawasawa. "Munisamehe, bazee yangu," akasema. "Niko mbele yenu, munisamehe."

Nikapiga kelele kutoka nyuma, "Mama, kataa! Sema unakataa!" Askari wa mlangoni akanishika bega akanikalisha chini kwa nguvu. Mama hakugeuka. Hakimu aliinua macho mara moja, akamwona mwanamke aliyepiga magoti, akaona kwamba hili halina ubishi. Akaandika. Mkalimani akamwambia mama ainuke asogee pembeni, na mtu wa kesi inayofuata akaitwa. Ilikuwa imekwisha. Miezi sita.

Waliniruhusu kuzungumza naye kidogo wakati wanasubiri gari. Nilikuwa na hasira, na aibu yangu ni kwamba nyingine ilikuwa juu yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini hakueleza habari ya mashine, ya bei ya foleni, ya tajiri ambaye wanajua hata rangi ya lori lake?

Akaniangalia kama mtu aliyepotewa na kitu sokoni. "Nilikuwa na maneno mingi ya kusema," akasema. "Nilikuwa nimeyapanga yote ku roho. Nilingojea aniambie, simama, eleza. Hakuniambia. Alipita ku mutu mwingine."

Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ule niliouona siku ile ulikuwa na meno upande mmoja tu, na upande wa pili palikuwa na mpini mzuri wa kushikia.

Wenzake wa kikundi hakuja hata mmoja. Walikuwa na hofu, na mahindi yao yalikuwa yamechukuliwa kama kielelezo cha kesi na hayakurudi. Wadogo zangu wawili wa kike walibaki nyumbani, na kila jioni mmoja wa wale wanawake alileta chakula kilichofunikwa, akakiweka kizingitini bila kubisha hodi, akaondoka. Mama aliposikia aliwaombea baraka. Mimi sikuwaombea kitu.

Mwezi wa pili wa kifungo nilikwenda kumwona. Mlinzi wa gereza akaniambia wanawake hawapo, wametoka na majembe. Gereza lilikuwa na utaratibu wake: mwenye shamba analipa, anapelekewa wafungwa na askari wa kuwasimamia, wanamlimia, jioni wanarudishwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa wageni wa miaka mingi, jembe lilikuwa limetungoja. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alinielekeza: shamba la migomba upande wa Kaberebere, huwezi kulikosa, lina geti la chuma.

Nilipofika nikaliona lori kabla sijaliona geti. Nikalitambua. Mbele ya nyumba, kwenye turubai, mahindi yalikuwa yameanikwa, na kando yake magunia meupe yamekunjwa vizuri, maandishi juu. Tajiri mwenyewe sikumwona siku hiyo. Nasikia alikuwa mjini kwa shughuli zake. Mama yangu, aliyefungwa kwa kumpelekea mahindi, alikuwa katikati ya migomba yake, amevaa nguo ya njano ya gereza, anapalilia.

Sijui nilikuwa nimepanga kufanya nini. Nilikwenda moja kwa moja kwa askari aliyekuwa amekaa kivulini na nikaanza kusema kwa sauti kubwa, kwa lugha zote nilizo nazo, kwamba mwenye shamba hili ndiye mnunuzi, kwamba magunia yale pale ni yale yale, atazame, yanasomeka, si ya kuuzwa, nani sasa afungwe? Askari alitazama magunia. Alikuwa anajua kusoma. Akarudisha macho kwangu, akasema, "Kijana, wewe nataka mama yako arudi ndani?"

Mama alikuwa amesimama, ameegemea jembe. Akanifanyia ishara kwa mkono nishuke, kama anavyomfanyia mtoto aliyepanda juu ya paa. Nikamwendea. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa mtulivu, na utulivu ule uliniumiza kuliko angelia.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Ukisema sana, banibakiza ku gereza. Hapa ni inje. Kuna upepo."

"Mama, unajua hili ni shamba la nani?"

"Najua. Bibi yake alitupatia maji ya kunywa." Akakwangua udongo kwenye jembe. Kisha akasema, si kwa kulalamika, kwa sauti ya mtu anayenipa habari za nyumbani: "Na ku gereza banatupatia bugali ya unga. Unakuya umeshasagwa. Hatutafute mashini."

Nilirudi Mbarara nikiwa sioni barabara. Wiki ile mhadhiri alifundisha juu ya kazi za wafungwa na faida ya mwenye mali, na alifundisha vizuri sana. Wanafunzi walipiga makofi.

Nilimaliza mwaka ule kwa alama nzuri katika somo lake. Nilikuwa na majibu yote, ningekosaje? Aliandika pembeni ya karatasi yangu kwamba nina jicho la ndani. Na mama alipotoka, akarudi Nakivale, akahangaika huku na huku mpaka jina lake likarudishwa kwenye foleni ya chakula, mhadhiri akaniita ofisini. Alikuwa anatayarisha makala ya mkutano wa nje ya nchi. Angependa sana kuzungumza na mama, nusu saa tu, kwa heshima zote.

Ningeweza kukataa. Nilitaka akaone. Nilitaka akae kwenye kigoda chetu chini ya bati linalochoma kichwa, na nilitaka, nikisema ukweli, aone haya. Sikujua bado kwamba kuona haya nako kunataka mtu awe amehisi yumo katika habari hiyo.

Alikuja na gari lake. Mama alimkaribisha, akamfutia kigoda kwa kitambaa. Alikuwa amepokea mgao siku ile ile na punje zilikuwa kwenye ungo mapajani mwake; aliendelea kuchambua mawe huku anasikiliza. Mhadhiri akaacha Kiingereza chake, akatumia Kiswahili, na Kiswahili chake hakikuwa tofauti na cha yule askari mkalimani.

"Mama, mimi naheshimu wewe sana. Mimi si polisi. Nataka elewa tu. Kwa nini wewe uliuza chakula ya kukula?"

Nikamwangalia mama. Nilijua kinachofuata. Angeweka ungo chini, angepiga magoti, angesema unisamehe baba, na mimi ningelazimika kutoka nje nisivunje kitu. Mikono yake ilisimama juu ya punje. Hakupiga magoti.

"Baba," akasema, "mimi umeniuliza. Ule aliyenunua, ulishamuuliza?"

Mhadhiri akatabasamu.

"Anakaa Kaberebere," mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini, lakini sikuwahi kuisikia ikiwa na makali namna ile. "Ana geti ya chuma. Nililima ku shamba yake. Hajifichi. Enda umuulize yeye sababu gani alinunua chakula ya batu ya kukula. Akikujibu, urudi, na mimi nitakujibu. Juji hakuniuliza. Polisi aliniuliza ni ya nani tu. Wewe unaniuliza sababu, na mimi nimeshamaliza kufungwa. Sasa nikikuambia sababu, utanifanyia nini?"

Nilihesabu hayo kuwa maneno yote aliyoyapanga rohoni siku ile ya kesi, yamechelewa, yamemfikia mtu asiye hakimu, lakini yametoka. Nilijaa furaha mbaya. Nikamgeukia mhadhiri nimwone usoni.

Alikuwa anaandika. "Vizuri sana, mama," alisema bila kuinua kichwa. "Hiyo ni vizuri sana. Rudia polepole, ile ya geti."

Mama hakurudia. Alirudi kwenye punje zake, na mhadhiri alipoaga alimwitikia kwa kichwa. Gari likaondoka, watoto wakalikimbilia kidogo.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta ameshagawa mahindi mafungu mawili. La kula aliliacha kwenye ndoo. La pili alilitia kwenye mfuko mweusi usio na maandishi, akajitwisha. Nikamuuliza anaenda wapi. Akaniambia mashine haisagi bure, na akaniomba niangalie wadogo zangu. Sikuuliza anampelekea nani, kwa sababu mnunuzi alikuwa bado ni yule yule mmoja.